Tuwasaidie Kuamua, Tusiwaamulie

Dhuluma itendwayo kwa chuki hutambulikana upesi, na aliyedhulumiwa hapungukiwi na wa kumwonea imani. Lakini dhuluma itendwayo kwa huruma hukaa nyumbani miaka mingi ikiitwa malezi, hushukuriwa na majirani, na mwenye kuipata, akithubutu kuilalamikia, huhesabiwa mtovu wa fadhila. Ya namna hiyo ndiyo iwapatayo watu wazima wengi katika nchi zetu ambao, kwa sababu ya ulemavu wa akili waliozaliwa nao, au maradhi ya akili yajayo na kuondoka, au kiharusi kilichowafunga ulimi, au uziwi ambao hakuna nyumbani aliyejitaabisha kujifunza lugha yake ya alama, wamefutwa katika idadi ya wenye kuulizwa. Shamba la mirathi huuzwa nao wamekaa pale pale barazani. Kadi ya benki na namba yake ya siri hukaa kwa kaka. Posa hukubaliwa au hukataliwa pasipo kutafutwa ridhaa yao. Dawa hubadilishwa kwa mazungumzo ya daktari na shangazi, mgonjwa akisikiliza. Na katika kila jambo hilo pana jamaa mwema asemaye, tena kwa moyo safi, kwamba yeye ndiye anayemwangalia.

Sheria nayo imeutia mhuri mwenendo huu. Katika Kenya, kifungu cha 26 cha Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 kiliipa mahakama mamlaka ya kuamuru jinsi mali ya mtu mwenye maradhi ya akili itakavyosimamiwa, na kumweka yeye mwenyewe chini ya uangalizi wa jamaa yake wa karibu au mtu mwingine afaaye. Jamaa hupeleka ombi, daktari hutoa hati, jaji hutoa amri. Na tangu hapo neno la mwangalizi hushika mahali pa neno la mwangaliwa. Shina la sheria za jinsi hii lilipandwa Uingereza, ambako tangu zama za kati mfalme alijitwalia ulinzi wa mali za waliorukwa na akili, na hamu kubwa ya ulinzi huo ilikuwa mali isiharibike wala isipotee kabla ya kuwafikia warithi. Waingereza walikwenda nazo kila walikotawala, nazo zikawa na umri mrefu kuliko utawala wao wenyewe: Ayalandi, iliyojipatia uhuru miaka mia moja iliyopita, iliendelea kuwaweka watu wazima chini ya mahakama kwa sheria ya mwaka 1871 hadi tarehe 26 Aprili 2023, siku ilipoanza kutumika sheria mpya ambayo Bunge lake lilikuwa limekwisha kuipitisha tangu 2015.

Sheria hiyo mpya ya Ayalandi haikuzuka peke yake. Tarehe 13 Desemba 2006 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na katika ibara yake ya 12 likaweka mambo matatu yashikamanayo: kwamba watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawasawa na watu wengine katika kila upande wa maisha; kwamba ni wajibu wa dola kuwapatia msaada watakaouhitaji ili kuutumia uwezo huo; na kwamba msaada wenyewe uwekewe kinga zisizoruhusu hadaa wala ubadhirifu. Kenya iliuridhia Mkataba huo mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Mwaka 2014 Kamati ya Umoja wa Mataifa isimamiayo Mkataba ilitoa ufafanuzi usioacha shaka, ya kuwa utaratibu wa kumwamulia mtu hauna budi kuondolewa na mahali pake pashikwe na utaratibu wa kumsaidia aamue. Na mwaka uliofuata, ilipoichunguza Kenya, iliitaka ifanye hivyo hivyo.

Tofauti ya taratibu hizi mbili haionekani vizuri mpaka itazamwe katika jambo moja la maisha. Tuseme mtu mzima mwenye ulemavu wa akili amerithi nusu eka Kilifi au Bagamoyo, na mnunuzi amekuja. Kwa njia ya uangalizi, mwangalizi huuza au hukataa kuuza, na mwenye shamba hupashwa habari, kama atapashwa. Kwa njia ya kusaidiwa, mwenye shamba amekwisha kuchagua mapema watu anaowaamini, mathalan dada yake na mwalimu wake wa zamani, na makubaliano yao yameandikwa mbele ya mwenye mamlaka. Kazi yao ni kumweleza kwa maneno mepesi, na kwa picha ikibidi, na kwa kurudiarudia pasipo haraka, kwamba fedha zitakwisha na ardhi haitarudi. Kumpeleka akalione shamba tena. Kumpimia bei kwa vitu avijuavyo, magunia ya mchele na mabati ya paa. Kumpa siku za kutafakari. Na baada ya hayo kulifikisha neno lake kwa mnunuzi na kwa karani wa ardhi, liwe ni kukubali au kukataa. Saini ni yake. Akiuza kwa bei ambayo dada yake asingaliikubali, ameuza, kama vile sheria ituachiavyo sisi wengine kuuza kwa hasara, kumkopesha rafiki mlaghai, na kuoa au kuolewa kinyume cha shauri la wazee, bila ya yeyote kukimbilia mahakamani kutaka tunyang'anywe hiari yetu.

Wala asidhani mtu kwamba kuamua kwa kusaidiwa ni mtindo wa ajabu uliobuniwa kwa ajili ya walemavu. Tajiri haweki mhuri mkataba kabla wakili wake hajausoma. Waziri husaini waraka ulioandikwa na wataalamu. Bwana arusi hutanguliza wazee wanaojua kusema na wakwe. Mkulima huuliza bwana shamba, na msafiri humwuliza aliyepita njia kabla yake. Hakuna hata mmoja katika hao anayeambiwa kwamba, kwa kuwa amehitaji msaada, basi si mtu kamili mbele ya sheria. Shura ni desturi yetu ya kale pwani na bara, na ajabu ni kwamba tumewakunjulia jamvi la shura wale wenye akili nyingi wasioihitaji sana, tukawafungia wale ambao ingewafaa kupita wote.

Msomaji Mwislamu ana zaidi ya hilo la kuzingatia. Imepokewa katika vitabu vya Sunna kwamba zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwako mtu aliyedhoofika akili, na baadhi ya wapokezi wamemtaja kuwa ni Habban bin Munqidh, ambaye alipenda biashara na kila mara alipunjwa. Jamaa zake walikwenda kuomba azuiliwe kununua na kuuza. Mtume akamwita mwenyewe, akamkataza; naye akajibu kwamba kuacha biashara hakuwezi. Basi hakufungwa mikono: aliambiwa kila auzapo au anunuapo atangulize sharti kwamba pasiwe na udanganyifu, na katika riwaya nyingine akapewa hiari ya siku tatu kulirudisha alilolinunua. Jamaa waliomba uangalizi. Aliyeangaliwa aliulizwa, akasikilizwa, akabaki sokoni, na kinga ikawekwa katika mapatano ya biashara. Ni kweli kwamba wanazuoni hawakukubaliana juu ya kumzuilia mali mtu mzima asiyejua kuitunza, na kwamba wengi wao, wakiwamo wanafunzi wawili wakubwa wa Imamu Abu Hanifa, waliona inafaa. Lakini Imamu mwenyewe, aliyefariki mwaka 150 wa Hijra, alishika kwamba muungwana aliyebaleghe, mwenye akili, hazuiliwi kwa ubadhirifu tu, na wafuasi wa madhehebu yake wakaeleza sababu: ya kuwa kumwondolea mtu mamlaka ya neno lake ni kumteremsha katika daraja ya ubinadamu, na madhara hayo ni makubwa kuliko hasara ya mali.

Madhara hayo yamekwisha kuthibitishwa mbele ya mahakama za zama zetu. Huko Bulgaria, Rusi Stanev, mkazi wa mji wa Ruse, aliwekwa chini ya uangalizi wa kiasi, na Desemba 2002 mwangalizi wake, ambaye alikuwa mtumishi wa baraza la mji, alitia saini ya kumpeleka katika nyumba ya matunzo karibu na kijiji cha Pastra milimani, bila ya kumshauri wala kumweleza. Huko asilimia 80 ya pensheni yake ilichukuliwa kulipia chakula na malazi, na hata nguo hazikuwa za mtu: zilipotoka dobi kila mkazi alipewa zilizoangukia mkononi. Alitaka kuomba uangalizi wenyewe uondolewe, na sheria ikamjibu kwamba mtu aliye chini ya uangalizi hana haki ya kupeleka ombi hilo mahakamani. Tarehe 17 Januari 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilitoa hukumu kwamba alinyimwa uhuru wake kinyume cha haki, kwamba maisha ya pale yalikuwa ya kumdhalilisha, na kwamba kufungiwa mlango wa mahakama kulikuwa dhuluma pia. Na si wanyonge peke yao wanaofikwa na hayo. Dunia nzima ilimwona mwimbaji Britney Spears, aliyewekwa chini ya uangalizi huko California tangu 2008, akitoa albamu na kuimba mbele ya maelfu ya watu Las Vegas, ilhali mbele ya sheria alihesabiwa hawezi kusimamia fedha aliyoichuma kwa jasho lake. Na uangalizi huo haukuondolewa hadi Novemba 2021. Akili ya kuichuma fedha ilitambuliwa, ya kuitumia ikakanushwa, na katika muda wote huo waliomsimamia walikuwa wakilipwa kutoka katika fedha hiyo hiyo.

Mambo yamekwisha kugeuka katika nchi kadhaa. Uswidi ilifuta tangu 1989 hukumu ya kumtangaza mtu kuwa hana uwezo wa kisheria, na katika miaka ya tisini ikaanza kuweka wasaidizi wa binafsi kwa watu wenye maradhi mazito ya akili, ambao hawafanyi jambo ila kwa agizo la anayesaidiwa mwenyewe. Peru, kwa amri ya kisheria namba 1384 ya Septemba 2018, iliwarudishia watu wazima wenye ulemavu uwezo wao kamili na kumwachia kila mmoja achague wa kumsaidia mbele ya mthibitishaji wa hati au jaji. Kolombia iliifuata mwaka 2019, ikaweka sharti kwamba makubaliano ya msaada yasizidi miaka mitano bila ya kufanywa upya. Huko Virginia, Marekani, mwaka 2013, mwanamke kijana mwenye hali ya Down, Jenny Hatch, aliyekuwa na kazi dukani na marafiki aliotaka kuishi nao, alipinga kuwekwa katika nyumba asiyoitaka. Mahakama ikaamua akaishi na marafiki hao, ikawapa uangalizi mdogo wa mwaka mmoja tu, na muradi wake ukawa kumfikisha katika kuamua mwenyewe kwa msaada. Na hapa kwetu wako watu wa kawaida wanaoutekeleza Mkataba kwa vitendo: katika vikundi vya watu waliopitia maradhi ya akili vilivyounganishwa na jumuiya ya USP Kenya huko Nairobi na kwingineko, wanakikundi hukaa pamoja wakashauriana juu ya dawa, kazi, fedha na ugomvi wa nyumbani, kila mmoja akirudi kwake na shauri la wengi na uamuzi wake mwenyewe.

Yako maswali ambayo hayafai kupitwa. La kwanza huulizwa na wazazi, nao wana haki ya kujibiwa: je, na yule asiyesema kabisa, asiyeashiria, aliyelala bila ya fahamu? Jibu la Kamati ni kwamba hapo, baada ya kufanywa kila jitihada ya kumwelewa, hutafutwa kwa uaminifu kile ambacho angalikitaka, kwa kuyatazama maisha yake, imani yake, aliyoyapenda na aliyoyachukia, badala ya kuulizana wengine wanaona nini kinamfaa. Ni kazi ngumu, na itahitaji mtu wa kuifanya. Lakini uchache wa watu wa hali hiyo hauwi hujja ya kuwahukumu kwa kipimo chao maelfu ambao husema, huchagua, hupenda na hukataa kila siku ya Mungu. La pili ni la ulaghai: msaidizi naye si malaika, na anayemnong'oneza mtu dhaifu anaweza kumwongoza apendako. Hofu hii ni ya kweli, na ndiyo sababu Mkataba ukaamuru kinga, nazo zaweza kuwa hivi: msaidizi atakayerithi au kununua asiwe peke yake; mambo mazito kama ardhi na nyumba yashuhudiwe na mtu wa pili; makubaliano yawe na muda; na mwenye kusaidiwa aweze kuyavunja siku yoyote. Lakini wenye hofu hii waseme pia ni kinga gani iliyopo leo katika uangalizi, ambamo mtu mmoja hushika fedha, shamba na mwili wa mwingine, na hesabu hutolewa kwa nadra, tena na yeye mwenyewe.

La tatu ndilo zito kwa nchi zetu. Mahakama iko mbali na wakili ana bei, na kwa hivyo uangalizi mwingi wa Afrika ya Mashariki haujapata kuandikwa popote: huanza kwa kimya, siku kijana anapotimiza miaka kumi na minane na hakuna anayempeleka kuchukua kitambulisho, au siku karani wa benki anapomwambia aje na mtu mzima ilhali yeye ni mtu mzima. Sheria peke yake haitawafikia hao. Kwa hiyo utaratibu wa kusaidiwa uwekwe mahali wanapopita watu: fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, isiyotozwa ada, iwezayo kushuhudiwa na chifu, sheha, mtendaji wa kata, hakimu wa Mahakama ya Mwanzo au kadhi, na kutambuliwa na benki, wakala wa fedha za simu, hospitali na ofisi ya ardhi. Mwenye maradhi yajayo na kuondoka naye apewe nafasi ya kuandika, akiwa mzima, nani aitwe akiugua, dawa ipi imemdhuru zamani, na nani asiruhusiwe kugusa fedha yake.

Serikali zetu haziwezi kusema hazikuelezwa. Kenya iliirekebisha sheria yake ya afya ya akili mwaka 2022, ikaingiza haki ya kutambuliwa mbele ya sheria kwa usawa na wengine, lakini mahakama zinaendelea kuteua waangalizi, kwa maana mlango wa zamani haukufungwa mpya ulipofunguliwa. Katiba yake, katika ibara ya 83, humnyima kura aliyetangazwa kuwa hana akili timamu. Na Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika ibara ya 5, huliruhusu Bunge kuzuia kura kwa sababu ya ugonjwa wa akili, ilhali hakuna mpiga kura mwingine yeyote, awe mlevi au mwenye kuuza kura yake kwa kilo ya sukari, anayepimwa akili kabla ya kutumbukiza karatasi sandukuni. Nchi iliyoweka saini yake katika ibara ya 12 kisha ikayaacha maneno haya katika vitabu vyake imeahidi kitu kimoja kwa mataifa na kutenda kingine kwa raia.

Kwa hiyo nawasihi Wabunge wa pande zote mbili za mpaka wauondoe uangalizi wa watu wazima katika sheria na kuweka mahali pake msaada wenye kinga, kama Peru na Kolombia zilivyofanya zikiwa nchi zisizo na utajiri wa Ulaya. Nawasihi majaji na makadhi, kabla ya hapo, wasitoe amri juu ya mtu ambaye hawajamwita, wakamwona na kumsikiliza, na wasitoe amri isiyo na mwisho. Nawasihi mameneja wa benki wawafundishe makarani wao kwamba mteja anayesema polepole ni mteja. Na wewe msomaji, ambaye yamkini nyumbani kwako yumo ndugu wa namna hii, hungojei sheria yoyote ili uanze: katika shauri litakalomhusu, mweke kitako, mweleze mpaka aelewe, mpe muda, muulize, na akisha kusema, neno lake lifuatwe.